Kupima Viongeza Msukumo vya Ndege za Kupaa Wima katika Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi, mafundi wa droni na majirani wanaofika kwenye banda letu la majaribio nje kidogo ya jiji la Mbeya. Maswali yamepangwa kwa kadiri tunavyoyasikia, na si kwa mpangilio wa vitabu, ndiyo maana mengine yamejibiwa kwa kirefu na mengine kwa mistari michache.

Kiongeza msukumo ni kitu gani?

Ni kifaa kinachopokea nguvu ileile inayotolewa na injini au mota, kikaitumia kusukuma hewa nyingi zaidi kwa kasi ndogo zaidi, na hivyo kuongeza msukumo bila kuongeza mafuta wala umeme. Vipo vya namna kadhaa. Kuna feni iliyozungushiwa pete, kuna feni kubwa inayozungushwa na injini ya jeti, na kuna ejekta, ambayo haina sehemu yoyote inayozunguka: hewa ya kasi hupulizwa kutoka kwenye mianya myembamba ndani ya bomba pana, nayo huburuta hewa iliyotulia na kutoka nayo upande wa pili.

Ejekta si kitu kigeni. Katika jiko la gesi, gesi hutoka kwa kasi kwenye tundu dogo na kuvuta hewa ya pembeni kupitia matundu yaliyo chini ya kichwa cha jiko kabla ya moto kuwaka. Ukiyaziba matundu hayo, moto hugeuka kuwa wa njano na kuanza kupaka sufuria masizi. Tofauti ni kwamba jiko huitaka hewa ile kwa ajili ya kuunguza gesi, na sisi tunaitaka kwa ajili ya kuisukuma chini.

Msukumo huo wa ziada unatoka wapi? Hii si sawa na kupata kitu bure?

Si bure, na hesabu yake ni fupi. Msukumo hutokana na kiasi cha hewa kinachopita kwa sekunde kikizidishwa kwa kasi yake, ilhali nguvu inayotumika hufuata nusu ya kiasi hicho kikizidishwa kwa kasi, kisha kwa kasi hiyo tena. Chukua kilo 1 ya hewa kwa sekunde, isukume kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde: utapata msukumo wa nyutoni 40 kwa gharama ya wati 800. Sasa chukua kilo 4 za hewa kwa sekunde, uzisukume kwa mita 20 kwa sekunde: gharama ni wati 800 zilezile, lakini msukumo ni nyutoni 80. Ndiyo sababu helikopta yenye mapanga marefu huning'inia hewani kwa nguvu ndogo kuliko ndege ya jeti yenye uzito uleule.

Hesabu hiyo ni ya dunia isiyo na hasara. Katika ejekta halisi, hewa ya kasi inapochanganyika na hewa iliyotulia hupoteza sehemu ya nishati yake kuwa joto na misukosuko, na kuta za bomba nazo hudai chao kwa msuguano. Wanafunzi wengi huuliza ni sehemu gani ya kifaa inayosukumwa, kwa kuwa hawaoni kitu kinachoguswa. Jibu ni mdomo wa juu wa bomba au pete. Hewa inapouzunguka mdomo huo kwa kasi ili iingie ndani, kanieneo lake, yaani mgandamizo wake, hushuka, na mdomo hunyonywa kuelekea juu. Kwa hiyo mdomo lazima uwe wa mviringo mnene. Tumepokea pete kadhaa zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini zenye makali mdomoni kama ya debe lililokatwa kwa mkasi, na karibu zote zilipunguza msukumo badala ya kuuongeza.

Kwa nini ndege ya kupaa wima iwe na haja kubwa ya kifaa hiki kuliko ndege ya kawaida?

Kwa sababu haina njia ya kukimbilia. Ndege ya abiria inayoondoka kiwanja cha ndege cha Songwe hubebwa na mabawa yake, na injini zake zinaweza kuwa na msukumo wa kama theluthi moja tu ya uzito wake au chini ya hapo. Ndege ya kupaa wima hudai msukumo unaozidi uzito wake wote, na kiasi kingine cha akiba kwa ajili ya kupanda na kujiweka sawa. Ukifunga injini kubwa kiasi hicho, utaibeba kama mzigo safari nzima baada ya dakika moja ya kupaa.

Je, jambo hili limewahi kufanikiwa kwenye ndege kamili?

Limefanikiwa kwa feni. Kwa ejekta, limewavunja moyo watu wenye fedha na akili nyingi, na kwa maoni yetu anayetaka kuingia kwenye kazi hii aanze kwa kuisoma habari hiyo.

Lockheed wa Marekani walitengeneza XV-4A, ndege iliyoelekeza moshi wa injini zake mbili za jeti kwenye ejekta zilizopangwa ndani ya kiwiliwili. Iliweza kuning'inia mwaka 1963, lakini nyongeza ya msukumo ilikuwa ndogo kuliko ilivyokadiriwa, hata akiba iliyobaki juu ya uzito wa ndege ikawa finyu sana. Mwaka 1964 ilianguka na kumuua rubani wake. Ndege ya pili ilipofanyiwa marekebisho, ejekta ziliondolewa na kuwekwa injini za kuinulia.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha XFV-12A, iliyotengenezwa na Rockwell kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani katika miaka ya 1970. Hewa ya injini ilipitishwa kwenye mifereji ndani ya bawa kuu na bawa dogo la mbele, ikatolewa kwenye mianya iliyoandamana na mabawa hayo. Majaribio ya maabara yalileta matumaini ya nyongeza ya asilimia 55. Mwaka 1978 ndege kamili ilitundikwa kwenye mnara wa NASA huko Langley, ule uliokuwa umejengwa kwa mazoezi ya kutua mwezini, ikapimwa ikiwa imefungwa kwa nyaya. Bawa kuu lilitoa nyongeza ya asilimia 19, na bawa dogo asilimia 6. Msukumo wote ulitosha kuinua kama robo tatu tu ya uzito wa ndege, na mradi ukafutwa mwaka 1981. Kanuni haikuwa na kosa. Kilichotokea ni kwamba mifereji iliyopinda ndani ya bawa halisi ilikula kanieneo ambalo katika modeli ya maabara halikuliwa, na hewa haikugawanyika sawasawa kwenye mianya yote.

Upande wa feni habari ni njema. Ryan XV-5A, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1964, ilitumia moshi wa injini mbili ndogo za J85 kuzungusha feni zilizolazwa ndani ya mabawa na puani, na msukumo ukakaribia kuwa mara tatu ya ule wa injini zenyewe. F-35B ya leo, ndege ya kivita ya Marekani, ina feni nyuma ya rubani inayozungushwa na mtaimbo kutoka kwenye injini kuu, na karibu nusu ya msukumo wa kuning'inia hutoka kwenye feni hiyo. Harrier, ndege ya kivita ya Uingereza, ilikwenda njia nyingine: iligeuza nozeli, yaani midomo ya kutolea hewa, za injini yake ya Pegasus kuelekea chini, na palipohitajika nguvu ya ziada kwenye joto, iliingiza maji ndani ya injini ili kupoza tabo, yaani mapanga ya ndani yanayozungushwa na moshi wa moto, na kuruhusu injini ifanye kazi zaidi, kwa muda wa kama sekunde 90 hivi mpaka maji yaishe.

Kwa nini mpimie Mbeya? Si ingekuwa rahisi Dar es Salaam, karibu na bandari na maduka ya vipuri?

Ingekuwa rahisi, na vipimo vingetoka vizuri kupita kiasi. Hewa ya Dar es Salaam, usawa wa bahari na nyuzi 30, ina uzito wa takriban kilo 1.16 kwa mita ya ujazo. Katika jiji la Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na nyuzi 20, ni takriban kilo 0.98. Kitulo, kwenye mita 2,700 na nyuzi 12, hushuka hadi karibu kilo 0.89. Propela iliyotoa msukumo wa kilo 10 Dar es Salaam, ikizungushwa kwa mizunguko ileile hapa Mbeya, itatoa takriban kilo 8.4. Ili kuinua mzigo uleule itabidi mizunguko iongezwe kwa asilimia 9 hivi na nguvu nayo asilimia 9, na kule Kitulo nyongeza ya nguvu hufika asilimia 14. Droni iliyobuniwa Pwani ikiwa na akiba finyu hufika hapa ikawa inanguruma chini kama lori lililozidisha mzigo mlimani Kitonga.

Anayepima hapa hupata jibu gumu kwanza. Kifaa kikiinua mzigo wake Mbeya mchana wa Oktoba, hakitamwaibisha mtu Kilwa. Tunaongeza pia kwamba wanaokihitaji wako huku juu, katika vijiji vya Makete, Ludewa na Ileje, ambako mvua za masika hugeuza safari ya saa mbili kuwa ya kutwa.

Mnapimaje?

Kiini cha kifaa chetu ni mkono wa chuma unaobembea kwenye beringi mbili. Upande mmoja hufungwa mota na kiongeza msukumo, upande wa pili hukandamiza kihisi cha uzito, jamii ileile ya kile kilichomo ndani ya mizani za kidijiti za dukani. Pamoja na msukumo, tunarekodi volti, ampea, mizunguko ya mota, joto la hewa na kanieneo la hewa la palepale. Kanieneo la kwenye taarifa ya hali ya hewa halifai moja kwa moja, kwa kuwa mara nyingi huwa limebadilishwa kuwa la usawa wa bahari, na anayelitumia bila kujua hupata uzito wa hewa ambao Mbeya haujapata kuwepo.

Kabla ya kila kipimo tunatundika mawe ya mizani yenye uzito unaojulikana, kwanza kwa kupandisha, kisha kwa kushusha, ili kuona kama mkono unarudi kwenye sifuri yake. Usiporudi, mara nyingi mkosaji ni nyaya za umeme. Nyaya nene za mota ni ngumu, nazo huweza kubeba sehemu ya msukumo bila kupitia kwenye kihisi, kwa hiyo tunazipitisha karibu kabisa na beringi na kuziacha zilegee.

Kosa letu kubwa kuliko yote halikuhusu chuma. Wakati tukianza, tulikuwa tukipima feni yenye pete kwanza, asubuhi, betri ikiwa imejaa, kisha tukivua pete na kupima feni tupu kwa betri ileile iliyokwisha kuchoka. Pete ilionekana ya ajabu, na tulishangilia kwa wiki nzima. Siku kijana mmoja alipogeuza mpangilio, akaanza na feni tupu, sehemu kubwa ya maajabu ilitoweka. Tangu hapo kila jaribio huenda kwa mpangilio wa tupu, pete, tupu, na vipimo viwili vya tupu visipolingana, siku nzima hufutwa daftarini.

Uwiano wa nyongeza unakokotolewa vipi?

Kwa kugawanya msukumo wa kifaa kizima kwa msukumo wa kigezo. Ugumu wote umo kwenye neno kigezo, na hapa ndipo watu waaminifu hudanganyana bila kukusudia.

Kwa ejekta, wengi hupima nozeli ikiwa peke yake, kisha hupima nozeli ikiwa ndani ya bomba, na kugawanya. Lakini bomba likiwepo, kanieneo kwenye mdomo wa nozeli hushuka, na nozeli hupitisha hewa nyingi kuliko ilipokuwa peke yake. Sehemu ya nyongeza inayosifiwa ni hewa ya ziada ambayo kompresa imelazimika kuitoa. Kigezo cha haki ni msukumo ambao hewa ileile, kwa kiasi kilekile na kanieneo lilelile la kuingilia, ingeutoa kama ingetanuka bila hasara yoyote. Kigezo hicho hupunguza uwiano, na wageni wetu hawakipendi.

Kwa feni yenye pete, nadharia inasema kwamba kwa nguvu ileile na kipenyo kilekile, pete yenye njia ya kutokea iliyo sawa na eneo la feni inaweza kuongeza msukumo wa kuning'inia kwa asilimia 26 kuliko propela tupu. Asilimia hiyo ni kweli, ila hainunui chochote mpaka ulipe uzito wa pete. Tena propela tupu yenye kipenyo kikubwa mara 1.41 hupata asilimia 26 hiyohiyo bila pete yoyote. Kwa hiyo mtu akituletea pete yake tunamuuliza swali moja: kuna nini kinachokuzuia kutumia propela kubwa zaidi? Akijibu kwamba droni lazima ipite mlangoni, au itatua karibu na watu na mapanga yanahitaji kukingwa, tunaendelea kuzungumza. Akikosa jibu, tunamshauri anunue propela.

Pia hatulinganishi na propela mbovu. Panga lililoundwa kwa ajili ya kukaa ndani ya pete hufanya kazi vibaya likivuliwa pete, na kulitumia kama kigezo ni sawa na kushindana mbio na mtu aliyevuliwa viatu.

Kwa nini mnapima alfajiri?

Kwa sababu ya upepo. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi karibu saa tatu asubuhi hewa hapa kwa kawaida imetulia, na baada ya jua kupasha miteremko upepo huamka na kipimo huanza kuyumba. Pepo za kiangazi huleta pia vumbi, ambalo hukwaruza ncha za mapanga. Asubuhi za Juni na Julai ni tulivu kuliko zote, ila betri za lithiamu zikiwa baridi volti yake huanguka haraka, kwa hiyo tunazihifadhi ndani usiku na kuzitoa dakika za mwisho.

Stendi yenu ya kupimia iko juu sana. Ni lazima?

Ni lazima. Propela iliyo karibu na ardhi hupata msukumo wa ziada kutokana na hewa kukwama chini yake, na ukipima hapo utajisifu kwa kazi iliyofanywa na ardhi. Kwa propela tupu athari hiyo huwa ndogo inapovuka kimo kinacholingana na kipenyo chake, lakini sisi huongeza kimo zaidi ya hapo, na kuta tunaziweka mbali, maana ndani ya chumba kidogo hewa huzunguka na kurudi kwenye feni ikiwa tayari imechafuka.

Kwa ndege za jeti ardhi huwa adui zaidi kuliko rafiki. Hewa inayotoka kwa kasi huburuta hewa iliyo chini ya tumbo la ndege na kuinyonya ndege kuelekea chini, na moshi wa moto ukirudi kwenye mdomo wa injini hupunguza msukumo wakati unaohitajika kabisa. Harrier ziliwekewa vizuizi chini ya tumbo ili kunasa hewa inayoruka juu baada ya kugonga ardhi. Baada ya kipimo cha juu, basi, hupimwa tena kwa vimo mbalimbali, kwa kuwa ndege lazima ipite kwenye vimo hivyo vyote ikipaa na ikitua.

Stendi ikishakubali, mnarusha?

Hapana. Hufuata kufungwa kwa kamba. Rolls-Royce walikifunga chombo chao cha majaribio, kilichoitwa kwa utani kitanda kinachoruka na chenye injini mbili za jeti za Nene, kwenye mnara mwaka 1953, na hakikuruka huru hadi Agosti 1954. P.1127, mama yake Harrier, nayo ilianza ikiwa imefungwa, Oktoba 1960. Kamba hufichua kitu ambacho mizani haikioni, yaani kama msukumo unajibu upesi unapoamriwa, kwa kuwa kifaa chenye msukumo mwingi kinachochelewa kujibu huyumba mpaka kipinduke.

Ndege ikianza kwenda mbele, nyongeza inabaki?

Hupungua. Hewa yote inayoingizwa lazima kwanza ichukuliwe na kasi ya ndege, na kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo inavyoivuta ndege nyuma. Kiongeza msukumo ni kifaa cha mwendo mdogo, na pete iliyosaidia kupaa huwa mzigo wa upepo safarini.

Kuna hatari kwa majirani?

Iko, na hatuifichi. Panga likikatika hurushwa pembeni, kwenye duara la mzunguko wake, kwa hiyo hakuna anayesimama sambamba na propela. Betri huchajiwa nje ya banda, mchanga mkavu ukiwa tayari. Kelele ndiyo kero ya kila siku, na wazee wa jirani wametuomba tusianze kabla ya saa kumi na mbili na nusu, nasi tumekubali.

Kibali kinahitajika?

Kwa kurusha, ndiyo. Droni husajiliwa na kuombewa kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na maeneo ya karibu na kiwanja cha ndege kama Songwe au Nduli yana masharti makali zaidi. Ulizia kabla ya kununua vifaa.

Je, kuna mfano hapa nchini wa droni za kupaa wima kufanya kazi ya maana?

Upo. Mwaka 2018 kampuni ya usafirishaji ya DHL, watengenezaji droni wa Wingcopter na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, walifanya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 zilizorukwa kwa wastani wa dakika 40. Droni ile ilipaa wima, kisha ikalaza propela zake na kubebwa na bawa. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134 hivi. Kupandisha mzigo kama huo hadi Bulongwa au Kitulo ni kazi nyingine, na ndiyo tunayoipimia.

Naweza kuja kutazama?

Karibu, ila uje mapema na uvae viatu vya kufunika vidole. Ukifika saa nne, upepo utakuwa umeanza kushuka kutoka mlima Loleza, na utatukuta tunafuta vumbi na kubishana juu ya vipimo vya asubuhi.